Sura ya Sita: Mlimao Kwenye Baridi ya Tunduma

Ushauri mwingi wa kutunza jamii ya michungwa unaozunguka nchini umetoka Tanga, hasa Muheza, ambako machungwa ndiyo yanayosomesha watoto. Ni ushauri wa watu wanaoijua kazi yao. Lakini Muheza kuna joto karibu mwaka mzima, na mvua hunyesha kwa misimu miwili, masika na vuli. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na Juni ikiingia watu hawavui makoti mpaka jua lipande. Anayepanda mlimao nyumbani kwake Tunduma, Vwawa, Mlowo au Itumba kwa kufuata kalenda ya Muheza atajikuta akiumwagia maji wakati umelala na kuunyima wakati unataka kuchanua.

Katika nyanda za juu za Songwe, baridi ndiyo inayopanga maisha ya mlimao. Baridi hulipa tunda rangi yake, huchelewesha ukuaji, huchagua siku ya maua, tena humlea adui mkubwa wa mti wenyewe. Kwa hiyo karibu kila shauri lililomo katika sura hii, kuanzia siku ya kupanda hadi siku ya kuchuma, limeanzia kwenye baridi hiyo.

Mgeni wa siku nyingi

Asili ya jamii ya michungwa ni miteremko ya chini ya milima ya Himalaya, kuanzia kaskazini mashariki mwa India hadi kusini magharibi mwa China. Mlimao ni chotara: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ulizaliwa na mdanzi pamoja na tunda la kale lenye ganda nene ambalo Waarabu huliita utruji. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi waliueneza, na pwani yetu iliupokea mapema. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta ndizi, malimao na utruji. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa Aprili 1498, miongoni mwa zawadi zilizopelekwa melini na mfalme wa mji yalikuwamo machungwa, malimao na miwa. Wareno, basi, hawakutuletea limao, walilikuta.

Thamani yake kwa afya ilithibitishwa baharini. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia wagonjwa wa kiseyeye katika makundi ya watu wawiliwawili, kila kundi na dawa yake. Waliopewa machungwa mawili na limao moja kwa siku ndio waliopona upesi. Leo tunajua kilichowaponya ni vitamini C. Kwa mlo wa Songwe, wenye maharage na mboga za majani kwa wingi, limao lina kazi nyingine kubwa: vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye vyakula vya mimea. Kipande kimoja kikikamuliwa juu ya maharage yaliyokwisha kuiva kina manufaa kwa mama mjamzito na kwa mtoto anayekua.

Mche wa kuanzia

Wengi huanza na mbegu iliyotemwa jikoni. Mbegu ya limao huota bila taabu, tena ina sifa ya ajabu: mara nyingi hubeba viinitete zaidi ya kimoja, na vingine hutoa mti unaofanana kabisa na mama yake. Lakini mti wa mbegu huwa na miiba mirefu, hupaa juu, na hukaa miaka mitano, saba au zaidi ndipo uzae. Kwenye baridi ya Tunduma, ambako mti hauongezeki lolote katika miezi ya Juni na Julai, subira hiyo hurefuka zaidi.

Mche uliobebeshwa huweza kuanza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu. Hapo shina la chini ni la mlimao wa kienyeji, wenye matunda ya ganda nene lenye mikunjo, ambao mizizi yake ni imara na huvumilia ukame. Juu yake hubebeshwa kikonyo cha aina bora, kama Eureka au Lisbon. Kazi yenyewe ni ya kisu kikali na mkono uliotulia. Shina likifikia unene wa penseli hukatwa chale ya herufi T, gamba hufunuliwa, kikonyo huchomekwa ndani na kufungwa kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki tatu hivi utepe hufunguliwa, na kikonyo kikiwa bado kibichi, kimeshika. Gamba hufunuka vizuri pale tu utomvu unapopanda. Kwa hiyo kubebesha katika nyanda hizi ni kazi ya wakati wa mvua. Ukijaribu Julai, gamba litachanika.

Ukinunua mche, utazame kabla ya kutoa pesa. Tafuta kovu la kubebesha, walau sentimita 15 juu ya udongo wa kiriba. Geuza majani machanga uone upande wa chini, kwa sababu nitakazozieleza. Ukiona mizizi imetoka chini ya kiriba na kujizungusha, acha.

Tunduma ina jambo jingine la kuzingatia. Ni mji wa mpakani, umegusana na Nakonde ya Zambia, na tangu Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kizinduliwe mwaka 2019 watu na mizigo huvuka kwa wepesi zaidi. Mche wa machungwa au limao uliofichwa kwenye buti la gari unaweza kuvusha ugonjwa usio na dawa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, ndiyo inayokagua mimea inayoingia na kutoka. Kumwonyesha mkaguzi mche wako ni kuilinda milimao ya mtaa mzima.

Shimo na siku ya kupanda

Panda mvua zikishatulia, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mche unapata miezi minne au mitano ya unyevu kushusha mizizi kabla ya kiangazi, na unaingia kwenye baridi ukiwa umekwisha kushika.

Chagua mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku. Mti wa jamii hii hukaribia kusimama kabisa joto likishuka chini ya nyuzi 13, na usiku wa Juni Tunduma hushuka chini ya hapo. Ukuta wa matofali unaotazama kaskazini ni rafiki mkubwa, maana katika miezi ya baridi jua letu hupita upande huo. Ukuta hupata joto mchana na kulitoa usiku, na pia huzuia upepo wa kusi. Epuka bondeni mwa kiwanja, ambako hewa baridi hutuama usiku na maji hutuama wakati wa mvua. Ndimu huumizwa na baridi kuliko limao, kwa hiyo ukiwa na nafasi moja tu yenye joto na miche yote miwili, upe mdimu nafasi hiyo.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza sawasawa, urudishe shimoni, uache wiki mbili au tatu utulie. Mlimao hupenda udongo wenye uchachu kidogo, kati ya pH 5.5 na 6.5. Udongo mwekundu wa Mbozi uliooshwa na mvua za miaka mingi unaweza kuwa na uchachu kupita hapo. Kipimo cha maabara ndicho kinachosema kweli, na kikionyesha uchachu mkali, chokaa ya kilimo huurekebisha.

Unapopanda, kovu la kubebesha libaki juu kabisa ya udongo. Likifunikwa, ukungu wa ardhini huingia kwenye gamba, shina hutoa gundi ya rangi ya asali, na mti hufa taratibu kuanzia chini. Kwa sababu hiyohiyo, matandazo ya majani makavu au mabua yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Asiye na kiwanja asikate tamaa. Pipa la lita 60 au zaidi, lililotobolewa chini na kuinuliwa juu ya matofali, linatosha mlimao mmoja mfupi. Jaza udongo wa juu, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Mti wa pipani hukauka haraka na njaa huupata mapema, lakini una faida moja: baridi ikizidi unaweza kuusogeza ukutani.

Maji ya kiangazi

Kati ya Mei na Oktoba mvua hukatika, na Tunduma ni mji ambao shida ya maji haihitaji kuelezwa. Habari njema ni kwamba mti uliopunguziwa kazi na baridi hunywa kidogo. Mche wa mwaka wa kwanza unatosheka na ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, igawe mara mbili. Mimina polepole, kwenye duara lililo chini ya ncha za matawi, ambako ndiko iliko mizizi inayonywa. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa. Ya kufulia yenye sabuni nyingi ya unga yasimwagwe hapo, kwani chumvi zake huchoma mizizi.

Mti mkubwa una siri yake. Baridi na ukavu wa Juni hadi Agosti huulaza, na usingizi huo ndio unaoandaa maua. Septemba joto likirudi, ukiupa maji ya kutosha, utaamka na kuchanua. Ukiusubirisha, mvua ya kwanza ya Novemba itauamsha. Lililo baya ni kuuamsha Septemba kisha kuutelekeza Oktoba, mwezi mkavu wenye jua kali. Hapo ndipo maua na vitunda vidogo hupukutika, na watu husema mti umerogwa. Kama huna uhakika wa maji ya miezi miwili, uache ulale hadi mvua.

Chakula chake

Mkoa huu una bahati ya kahawa. Makapi yanayobaki baada ya kumenya buni, yakirundikwa na kuoza vizuri, ni mboji yenye potasiamu nyingi, madini yanayolijaza tunda. Debe moja au mawili mwanzoni mwa mvua, pamoja na samadi, huulisha mlimao wa nyumbani vizuri. Anayetumia mbolea ya dukani aigawe mara tatu ndani ya msimu wa mvua, kidogokidogo, na kamwe asiiweke udongo ukiwa mkavu.

Majani husema njaa yake. Majani ya zamani yakififia yote kuwa ya manjano, naitrojeni imepungua. Jani la zamani likibaki na pembetatu ya kijani karibu na kikonyo chake huku pembeni likiwa la manjano, magnesi imepungua. Majani machanga yakiwa madogo, membamba, yenye mabaka ya manjano katikati ya mishipa iliyobaki kijani, na mabaka hayo yakilingana kushoto na kulia, ni upungufu wa zinki. Likariri hilo la kulingana. Utalihitaji hivi punde.

Jani changa

Hapa ndipo mlimao wa nyanda za juu huokoka au hupotea. Mti hutoa majani mapya kwa mafungu, na fungu kubwa hutoka mvua zinapoanza. Kwa wiki chache majani hayo huwa laini, mepesi, ya kijani cha kung'aa, na kila mdudu anayeishi kwa mlimao huyangoja.

Rahisi kumwona ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, kahawia na mabaka meupe, na ndege humpita. Akikua huwa wa kijani, mnene kama kidole. Mguse, naye atachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Wachache wao humaliza mche mzima ndani ya siku chache. Watoe kwa mkono. Hakuna dawa inayoshinda macho ya asubuhi.

Vidukari na wadudu gamba hunyonya utomvu na kutoa umande mtamu, ambao juu yake huota masizi meusi. Wadudu gamba wa kijani ni walewale wanaowasumbua wenye mibuni. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, jua wanaufuata umande huo, tena wanawalinda wanyonyaji dhidi ya wadudu kibibi wekundu wanaowala. Kata matawi yanayogusa ukuta au nyasi, funga shinani kitambaa kilichopakwa grisi, kisha nyunyiza jioni maji yenye sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, ukilenga chini ya majani.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni mdogo mno. Kitaalamu anaitwa Trioza erytreae, mwenyeji wa Afrika, urefu wake milimita nne hivi pamoja na mabawa. Anapenda hali ya ubaridi na unyevu. Joto kali na ukavu huua mayai na watoto wake. Ndiyo maana yuko nyumbani katika nyanda hizi kuliko huko chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Kamsamba, kwenye mita 800 hivi. Tena katika jamii yote ya michungwa, limao ni kipenzi chake. Chukua jani changa ulitazame dhidi ya mwanga. Pembezoni utaona mayai ya rangi ya njano, yamesimama kwa safu. Baada ya siku chache, upande wa juu wa jani hutokeza vijipu. Ligeuze: chini ya kila kijipu kuna kishimo, na ndani yake amelala mtoto wa mdudu, bapa, wa manjano, asiyesogea.

Vijipu peke yake haviui mti. Kinachoua ni bakteria anayesafirishwa na mdudu huyo, ambaye huziba njia za chakula ndani ya mti. Ugonjwa wake ulianza kuandikwa Afrika Kusini katika miaka ya 1920 na umefika Afrika Mashariki. Majani hupata mabaka ya manjano, lakini hapa mabaka hayalingani: upande mmoja wa mshipa wa kati una picha moja, upande wa pili picha nyingine. Tunda huwa dogo, limepinda upande, chungu, na hubaki kijani sehemu ya chini. Ugonjwa huu hauna dawa. Aina yake ya Kiasia, iliyogunduliwa Florida mwaka 2005, imeiangusha sehemu kubwa ya kilimo cha machungwa cha jimbo hilo, pamoja na fedha na maabara zao zote.

Kinga, basi, ndiyo tiba. Katika kila fungu la majani mapya, kagua mara moja kwa wiki. Vichwa vya matawi vyenye vijipu vikate mapema, vitie kwenye mfuko uliofungwa jua limalize kazi. Usinyunyize sumu kali hovyo, kwa kuwa unao wasaidizi: kuna nyigu mdogo sana, Tamarixia dryi, anayetaga mayai yake kwa watoto wa mdudu huyu na kuwaua. Katika kisiwa cha Réunion nyigu huyo alipopelekwa miaka ya 1970, mdudu alikomeshwa. Sumu inayoua kila kiumbe huanza kwa kuwaua wasaidizi kama hao. Na mti ukionyesha dalili zote za ugonjwa, mwite afisa ugani auone, kisha ung'olewe wote. Kuuonea huruma mti mmoja ni kuwahukumu wa majirani.

Kupogoa na kuchuma

Aliyezoea kusimamia mibuni hatapata shida na mkasi wa mlimao. Maotea yote yanayochipuka chini ya kovu la kubebesha yaondolewe yakiwa bado laini. Ni ya mlimao wa kienyeji, na yakiachwa yatautawala mti. Ondoa tawi kavu, lililovunjika, na linalosuguana na jingine. Fungua katikati hewa ipite. Fanya hivyo baada ya mavuno, Agosti, na usafishe mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mti wa pili. Usikate sana Oktoba, maana utaamsha fungu la majani lisilo la wakati wake.

Kutoka ua hadi limao lililokomaa, kwenye ubaridi huu, ni miezi saba hadi tisa. Maua ya Oktoba na Novemba, basi, hukomaa kwa wingi kati ya Juni na Julai. Hapa baridi hulipa deni lake. Ganda la limao hugeuka manjano usiku unapopoa. Kwenye joto la kudumu, limao hukomaa na kujaa maji huku ganda likibaki kijani. Ndiyo sababu limao la Kamsamba linaweza kuwa tayari likiwa kijani, na la Tunduma likang'aa manjano hata kabla hujaligusa.

Limao haliivi zaidi likishachumwa, kwa hiyo lichume likiwa limejaa na zito mkononi. Likate kwa mkasi, ukiacha kipande kifupi cha kikonyo; likivutwa, ganda huchanika na ukungu huingia hapo. Usiyachume yote kwa pamoja. Mti wenyewe ni ghala, na katika miezi ya baridi huyatunza matunda kwa wiki kadhaa, vizuri kuliko kapu lolote.

Mlimao mmoja uliotunzwa hivi unatosha nyumba moja na ziada. Ziada hiyo ifike kwa jirani pamoja na maarifa. Mdudu wa vijipu hatambui uzio, na kiwanja kimoja chenye mti mgonjwa huirudisha nyuma kazi ya viwanja kumi. Mfundishe jirani yako kuligeuza jani changa na kuangalia chini yake. Mtaa wenye watu kumi wanaojua jambo hilo moja utakula malimao yake kwa miaka mingi.